Kabla ya semina ya uongozi, uliza nani ana ufunguo wa maabara

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mratibu wa masomo ya uzamili katika idara ya uhandisi ujenzi, kwenye chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Tuna wanafunzi 34 wa uzamili na uzamivu, na wanawake kati yao ni 9. Mwaka jana tulipata fedha kidogo za kuwaendeleza wanawake kiuongozi. Tukakodi ukumbi wa hoteli siku mbili, tukaleta mzungumzaji kutoka Dar es Salaam, tukagawa vyeti na fulana. Walifurahi sana. Miezi mitano baadaye wawili wakaacha masomo, na mmoja wao ndiye aliyetoa neno la shukrani siku ile. Mwaka huu tumepewa tena, shilingi milioni 10. Baadhi ya wenzangu wanasema tuachane na jambo hili, kwamba tunawapendelea tu. Nifanye nini tofauti?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kilichonikaa moyoni ni yule binti wa neno la shukrani. Alisimama mbele ya watu, akaongea vizuri, akapigiwa makofi, na miezi mitano baadaye akaondoka. Kusema mbele za watu alikuweza tangu mwanzo. Semina yenu ilimtibu ugonjwa ambao hakuwa nao, na ule uliokuwa unamla haukuguswa.

Mimi ni mhandisi ujenzi, upande wa vifaa. Nimesimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwa zaidi ya miaka 20, na semina za hoteli kama yenu nimeziandaa mwenyewe, nyingi tu. Nilichokuja kukiamini ni kwamba kwa mwanafunzi wa uhandisi uongozi unaanzia kwenye vitu vinavyoshikika. Nani ana ufunguo? Nani anapanga zamu ya mashine? Masurufu yanatoka kwa jina la nani? Kikao kinaendeshwa na nani? Mkandarasi akipiga simu idarani kuuliza nani anaijua kazi fulani, anatajwa nani? Mwanamke akiwa nje ya hayo yote, mlete mzungumzaji hodari kuliko wote nchini, na Jumatatu binti atarudi palepale alipokuwa Ijumaa.

Nikueleze lililonifundisha.

Nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akichunguza zege ambalo sehemu ya saruji yake imebadilishwa na majivu ya pumba za mpunga. Kazi nzuri, na huko kwenu mnaijua maana yake, kwa jinsi pumba zinavyorundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Majivu yale hufanya kazi polepole ndani ya zege. Kwa hiyo kyubu, yaani vipande vya zege vya mchemraba vinavyovunjwa kwa mashine ili kupima nguvu, hazivunjwi siku ya 7 na ya 28 peke yake. Nyingine zinabaki kwenye maji hadi siku ya 90 ndipo uione nguvu yake. Yeye alikuwa akimwaga zege kila Jumatatu, siku ambayo fundi sanifu wa maabara hakosekani. Sasa hesabu mwenyewe. Ukimwaga Jumatatu, siku ya 7 ni Jumatatu, ya 28 ni Jumatatu, lakini ya 90 inaangukia Jumapili. Na Jumapili maabara imefungwa.

Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulilala nyumbani kwa fundi sanifu. Vijana wa kiume walikuwa na njia yao: Jumamosi jioni wanapita kwake, wanaangalia mpira pamoja, wanaondoka na ufunguo. Hakuna aliyemkataza binti kwenda. Ila msichana wa miaka 26 kubisha hodi usiku nyumbani kwa mwanaume kuomba ufunguo, yatakayosemwa mtaani unayajua, na yeye aliyajua. Kyubu zake zikavunjwa siku ya 91, nyingine ya 92 kwa sababu Jumatatu mashine ilikuwa na foleni, na kundi moja likasogea hadi siku ya 95. Siku ya kutetea tasnifu mtahini wa nje akamuuliza mbona umri wa sampuli zake haulingani. Akanyamaza. Angesema nini? Neno "ufunguo" lingesikika kama kisingizio cha mtoto wa shule.

Nami, msimamizi wake, mwanamke mwenzake, nilimwita ofisini baada ya kikao nikamwambia anahitaji kujifunza kupanga muda. Habari ya ufunguo nilikuja kuambiwa na mwanafunzi mwingine wakati yeye ameshahitimu na kuondoka. Maneno yale niliyomwambia yananiuma hadi leo.

Tulichokifanya baada ya hapo hakikufika shilingi laki mbili. Tulichonga ufunguo wa pili. Tukanunua kaunta buku, tukaipigia mistari: jina, tarehe ya kumwaga, kyubu ngapi, siku ya 7, ya 28, ya 90. Ufunguo na daftari tukamkabidhi mwanafunzi wa uzamivu, mwanamke, kwa barua ya mkuu wa idara yenye muhuri, nakala kwa mafundi sanifu na kwa wahadhiri wote. Barua hiyo usiione ndogo. Bila barua angekuwa msaidizi wa kujitolea anayeombwa-ombwa. Kwa barua, akawa mwenye kauli juu ya mashine.

Sheria aliyoiweka ya kwanza ilikuwa kwamba anayemwaga zege anaandika tarehe zote tatu siku hiyohiyo, kabla hajaosha mashine ya kuchanganyia. Basi siku za Jumapili zikaanza kuonekana miezi mitatu kabla. Ya pili: mwisho wa juma hakuna anayeingia maabara peke yake, wawe wawili, mchana. Wanaume walilalamika wiki mbili. Kisha wakaizoea, maana kyubu moja ya milimita 150 ina kilo 8 hivi, na kutoa 27 kwenye tangi la maji peke yako si kazi ya kuitamani. Mwaka uliofuata idara ikataka kununua mashine mpya ya kubana zege. Kamati ilipouliza kwa wiki tunavunja kyubu ngapi, na mashine husimama siku ngapi kwa ubovu, mtu pekee mwenye majibu alikuwa yule mwenye kaunta buku. Akaingizwa kwenye kamati. Alikaa na wahadhiri waandamizi, akajua ankara kifani, ile karatasi ya bei ya kabla ya kununua, inaombwaje, bei inapandia wapi, na kwa nini mzigo unakwama bandarini. Hakuna semina ambayo ingemfundisha hayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri ni kuzunguka idarani na kuorodhesha kila kitu chenye funguo, daftari, bajeti au kikao. Andika kila kimoja kiko mkononi mwa nani. Halafu chagua vichache ambavyo mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuvishika, uvigawe kwa barua, kwa mwaka mmoja mmoja.

Lakini sikiliza sharti hili, maana hapa wengi huharibu kwa nia njema. Kazi yoyote unayompa iwe inasogeza tasnifu yake au jina lake. Mwanafunzi wa uzamivu ana saa chache. Kuna majukumu yanayoitwa uongozi na kumbe ni utumishi: kuagiza chai ya kikao, kuandika mihtasari, kupokea wageni, kuvaa kitenge cha sare siku ya mahafali na kushika trei ya vyeti. Linda Babcock na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa Marekani juu ya kazi za namna hiyo, zile ambazo lazima mtu azifanye lakini hazimpandishi cheo anayezifanya. Kwenye vikundi vyenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea zaidi, na wakaombwa zaidi pia, hata na wanawake wenzao. Kwenye vikundi vya jinsia moja tofauti hiyo ikapotea. Maana yake si tabia waliyozaliwa nayo. Watu wote chumbani wanasubiri mwanamke ndiye anyanyue mkono, naye anajua kwamba anasubiriwa. Dawa yake ni nyepesi sana: orodha ya majina kwa alfabeti, na mihtasari inaandikwa kwa zamu kuanzia juu, maprofesa wakiwemo. Anza kikao kijacho. Haihitaji hata senti ya zile milioni 10.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo vitabu vya uongozi vya kigeni havituambii, nalo ndilo linalowatesa mabinti zetu kuliko mengine. Mwanamke wa miaka 28 atamwelekezaje fundi wa miaka 52 ambaye kila asubuhi anamwamkia? Kwenye saiti na maabarani swali hili lipo kila siku. Nimeona wanaochagua ukali, wakidhani ndio uhandisi, na mafundi wakawagomea kimyakimya: kazi inafanyika, lakini vibaya. Nimeona wanaochagua unyenyekevu hadi wanamwachia fundi aamue uwiano wa maji na saruji, halafu lawama inawarudia wao. Mwanafunzi mmoja aliyeliweza vizuri nilimtazama kwa karibu. Alifika, akasema shikamoo kwa mdomo mzima, akauliza hali ya nyumbani. Kisha akauliza, "Mzee, leo mchanga umeuonaje?" Mzee akachota kiganja, akaufinya, akasema umelowa kuliko wa jana. Binti akaandika maneno hayo kwenye daftari mbele ya macho yake. Akapiga hesabu, akasema, "Basi Mzee, kwa sababu hiyo uliyoisema, leo maji tunapunguza lita mbili kwa kila mchanganyo. Nimeshaandika." Akasaini. Hakuomba ruhusa, wala hakupandisha sauti. Shikamoo yake ilikuwa kamili na uamuzi ukabaki wake.

Hilo linafundishika, ila si kwa slaidi. Linafundishika kwa kumpeleka mwanafunzi kazini akiwa na mwanamke aliyemtangulia, akamwona akifanya, kisha afanye yeye huku mwenzake amesimama pembeni. Hali kadhalika kuendesha kikao. Mpe mwanafunzi wa uzamivu kiti cha kikao cha kila wiki cha kundi lenu la utafiti, na kabla ya siku ya kwanza mkae naye mfanye mazoezi ya maneno yenyewe: profesa akizidisha muda, aseme, "Asante Profesa, hoja yako nimeiandika ya kwanza kwenye maazimio, naomba tumsikie na mwenzetu wa maji kabla ya saa kuisha." Mwambie ayaseme kwa sauti mara tatu ofisini kwako. Na wewe uwe umeshamnong'oneza profesa huyo mapema, ili siku hiyo aheshimu kiti.

Kuhusu walezi, nina ushahidi mmoja ninaoupenda. Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta walifuatilia wanawake 150 walioanza uhandisi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, na matokeo yao yakatoka mwaka 2017. Baadhi walipewa mlezi mwanamke aliyewatangulia darasani, wengine mlezi mwanaume, wengine hawakupewa mtu. Mwaka wa kwanza ulipoisha, waliokuwa na mlezi mwanamke walibaki uhandisi wote. Kati ya waliokuwa na mlezi mwanaume asilimia 18 walikuwa wameondoka, na wasio na mlezi asilimia 11. Alama zao za darasani hazikuwa sababu. Kilicholindwa ni ile hali ya kujiona kwamba hapa ni kwangu. Hao walikuwa wa shahada ya kwanza, tena Marekani, na siwezi kukuahidi kwamba namba zitajirudia kwenu. Lakini nimeuchukua utaratibu huo na kuugeuza upande wa pili: wanawake wangu wa uzamivu wanalea wasichana wa mwaka wa nne wanaofanya miradi ya mwisho. Msichana wa mwaka wa nne anapata dada, na dada anapata kazi ya kusimamia ambayo kesho ataiandika kwenye maombi ya uhadhiri. Jina lake liwekwe kwenye fomu kama msimamizi mwenza. Lisipowekwa, umemtumia bure.

Hapo Nairobi kuna mpango wa AWARD, unaowaendeleza wanawake watafiti wa kilimo Afrika tangu 2008. Nao hupanga watu ngazi tatu: mtafiti ana mlezi juu yake, na yeye mwenyewe anamlea mwingine aliye chini. Nadhani nguvu yake iko kwenye ile ngazi ya chini. Mtu anayeombwa ushauri Jumatano hawezi kuendelea kujiona mgeni hadi Ijumaa.

Ila mlezi peke yake hatoshi, na hapa nakugeukia wewe na wahadhiri wenzako, wanaume kwa wanawake. Mlezi anakushauri mkiwa wawili. Kuna mtu mwingine, mimi namwita mtetezi, ambaye anakutaja wewe ukiwa haupo. Mhandisi mshauri anaomba mtu wa kupima udongo wa barabara ya wilaya, na mtetezi anasema, "Mpigie fulani, ndiye anayejua udongo mwekundu kuliko sisi wote." Wanaume hutetewa hivi bila kuombwa, kwenye kahawa, kwenye harusi, baada ya swala ya Ijumaa, nje ya kanisa. Wanawake 9 ulio nao, kila mmoja awe na mhadhiri mmoja mwenye jukumu hilo, na kila muhula umuulize: umemtaja wapi? Ukimuuliza mara mbili akakosa la kusema, mbadilishe. Na barua za mapendekezo uzisome kabla hazijatoka. Mara nyingi ya mwanamume husema "ana uwezo wa pekee wa uchambuzi", na ya mwanamke aliyefanya kazi ileile inasema "ana bidii na adabu, anashirikiana vizuri." Adabu ni jambo jema, lakini hakuna jopo linalomwajiri mhandisi kwa adabu.

Kuna mtego mwingine ambao naomba uuangalie mapema: usajili. Wanafunzi wengi wanaofaulu sana huunganisha shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu bila kupita kazini. Kwa utaratibu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kutoka mhandisi mhitimu hadi mhandisi mtaalamu kunahitaji mazoezi ya kazi yanayosimamiwa, na mpango wa bodi wa mafunzo hayo ni wa miaka mitatu. Norway iliwahi kufadhili wanawake wahitimu ndani yake. Sasa binti akitimiza miaka 33 ana uzamivu lakini hana usajili wa kitaalamu, hawezi kutia saini michoro, na mezani kwenye mradi anakaa chini ya kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Kila mwanamke wako wa uzamili ajisajili kama mhandisi mhitimu mwaka huu, na kazi za ushauri zinazopita idarani ziandikwe kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za mazoezi hayo ya kazi. Wengi hawalijui hili mpaka wamechelewa.

Nije kwa wenzako wanaosema mnapendelea. Usibishane nao kwa maneno. Mwaka 1999 Chuo cha MIT cha Marekani kilitoa ripoti juu ya hali ya maprofesa wanawake katika kitivo chao cha sayansi, na ilianza na mwanabiolojia Nancy Hopkins aliyekuwa akinyimwa nafasi ya kuweka matangi ya samaki wake wa utafiti. Alichukua futi kamba, akapita maabara moja baada ya nyingine akipima sakafu, na vipimo vikaonyesha ana nafasi ndogo kuliko wenzake wanaume. Akawatafuta wanawake wengine wa kitivo, wakakusanya takwimu pamoja, na rais wa chuo akakiri hadharani kwamba ubaguzi ulikuwepo. Kabla yao, miaka ya 1970, Wangari Maathai, aliyepata uzamivu Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika ngazi hiyo, alidai na wenzake kwamba wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume. Wewe ni mhandisi. Pima. Nani amepata saa ngapi za mashine? Nani amelipiwa safari ya mkutano? Imechukua wiki ngapi msimamizi kurudisha sura ya kwanza ya tasnifu, kwa mwanamume na kwa mwanamke? Ukute hakuna tofauti, nitafurahi kuliko wewe. Ukiikuta, iweke mezani kwenye kikao cha idara bila kumtaja mtu.

Na kipimo kikionyesha kwamba ufunguo wa pili umewasaidia na wanaume wanaokaa mbali, waambie wenzako hilo pia. Mengi ya haya yanatengeneza idara nzima.

Fedha zenyewe ningezigawa hivi, wewe utarekebisha kwa hali yenu. Kila mwanamke kati ya hao 9, au hao waliobaki na watakaoingia, apewe masurufu ya shilingi laki nne kwa jina lake, kwa ajili ya kazi ya tasnifu yake. Aandike dokezo mwenyewe, aombe ankara kifani, anunue, adai risiti ya EFD, arejeshe masurufu ndani ya muda. Hiyo ni milioni 3.6. Milioni 2 ni usafiri: teksi au bajaji inayojulikana, ya kumrudisha nyumbani aliyechelewa maabarani. Milioni 2.4 ziwapeleke wawili au watatu kwenye mikutano ya wahandisi wakiwasilisha kazi zao, na mwenye mtoto mchanga aende na yaya, nauli ya yaya iwe ndani ya bajeti bila kuombewa radhi. Milioni 1 ni ya nauli na chakula kwa wanawake wahandisi walio kazini, wa Tanroads, wa maji, wa makampuni, waje kukaa nusu siku maabarani badala ya nusu saa jukwaani. Milioni 1 iliyobaki ifunge, kuna jambo litatokea. Tarehe 11 Februari, siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, mpige picha zenu, hazina gharama.

Waonyeshe pia milango ya nje. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye ofisi Trieste, Italia, hutoa ufadhili wa uzamivu. Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation ilianza kufadhili wanawake wa fani zetu mwaka 2004; waangalie kwanza kama bado inapokea maombi. Na watajie watu. Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati, fani yake mwendo wa vimiminika. Dorothy Okello wa Makerere, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa taasisi ya wahandisi ya Uganda. Mwaka 2000, miaka mingi kabla ya cheo hicho, alikuwa tayari ameanzisha mtandao wa WOUGNET wa kuwafikishia wanawake teknolojia ya habari. Alikuwa na kitu cha kuongoza mapema.

Mambo mawili ya mwisho ni mazito, na hayawezi kusubiri bajeti.

La kwanza, rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la jinai, na namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Lakini mwanafunzi wa uzamivu ana msimamizi mmoja anayeshika maisha yake kwa miaka minne; hatapiga simu hiyo kama hajui tasnifu yake itaangukia wapi. Kwa hiyo idara itangaze mapema kwamba kila mwanafunzi ana wasimamizi wawili, na kwamba anaweza kuomba kubadilishiwa kwa fomu moja isiyouliza sababu. Fomu hiyo iende kwa mtu aliye nje ya idara, dawati la jinsia la chuo au ndaki. Mfanye hivyo kabla halijatokea.

La pili, uzazi. Wengi wa wanafunzi wenu wa uzamivu ni wahadhiri wasaidizi, kwa hiyo kama waajiriwa wana siku 84 za likizo ya uzazi kisheria. Soma mikataba ya ufadhili wao: je, saa ya ufadhili inasimama siku hizo 84, au inaendelea kukimbia? Ikiwa inakimbia, mama anarudi akiwa nyuma muhula mzima, posho inakatika kabla ya tasnifu, na mnaandika kwenye faili kwamba ameacha kwa sababu za kifamilia. Omba chuo kiandike kwa mfadhili kabla hajajifungua.

Na sasa wale wawili. Wapigie simu, Mwalimu, wewe mwenyewe, si kwa barua. Usiwaombe warudi, hilo waliamue wao. Waulize siku gani hasa waliamua kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini. Watakuambia jambo dogo, mlango, fomu, neno la mtu kwenye korido. Liandike kama walivyolisema. Mmoja akikwambia angerudi kama jambo hilo lingeondoka, ile milioni 1 niliyosema uifunge, ndiyo kazi yake.